Kanga ya Bati

"Ondoa hilo dude," alisema Mwalimu Shomvi, kiongozi wa kikundi cha taarabu, na fidla zote zikanyamaza.

Dude lenyewe lilikuwa pedali ya gitaa aliyoiunda Zamda, mpiga gitaa wao, kwa transista za redio mbovu, ndani ya kopo la biskuti. Ukiikanyaga, gitaa huacha kulia kwa adabu na kuanza kukwaruza. Alikuwa ameipamba kwa rangi ya kucha mithili ya kanga: pindo jeusi pembeni, korosho kubwa katikati. Sehemu ya maneno tu ndiyo ilikuwa tupu. Kila kanga ina lake la kusema, na Zamda alikuwa hajapata la kwake.

"Nikiliondoa kitabaki nini?"

"Gitaa. Hapa tunaimbia maharusi, dada, na gitaa lako linakoroma kama mlevi."

Mpiga ngoma akacheka. Zamda alichuchumaa, akatoa mkobani chupa ya rangi nyekundu, akaandika taratibu kama anayempaka bibi harusi piko. Kikundi kizima kilimsubiri. Alipomaliza aliigeuza pedali, maandishi yamwelekee Mwalimu, maana kanga ya kumjibu mtu huvaliwa aione yeye.

GITAA LINAKOROMA KAMA MLEVI.

Mwalimu alisoma, midomo ikimcheza. "Futa!"

"Rangi bado mbichi, Mwalimu. Itachafua."

Zamda akavua kiatu. Akabonyeza swichi ya pedali kwa kidole gumba, polepole, asiyaguse maneno, akapiga nyuzi, na vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka.