Hodi ya Zimwi

Mke wangu alikubali kucheza kwa shingo upande. "Watu wazima na mazimwi ya kubuni," alisema. "Leo tu, halafu usinisumbue tena maishani."

Nikamweleza: mimi nasimulia, yeye anasema anachofanya, dadu inaamua. Kilichotamkwa kimetendeka. Akawa mama aliyewaficha wanawe uvunguni, zimwi likizunguka nyumba.

Nikafunga mapazia. Nikagonga meza kwa ukucha, taratibu.

"Hodi," nikasema kwa sauti ya bibi kizee.

"Karibu," akajibu.

Mdogo wangu, aliyekuwa akicheza nasi, akaziba mdomo. "Shemeji, umelikaribisha zimwi."

"Jamani, ni mazoea tu. Sikumaanisha."

Vidole vya mke wangu viliganda juu ya dadu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikimhurumia, mchezo umekufa. Nisipomhurumia, ndiyo basi, hachezi nami tena.

"Zimwi limeingia," nikasema.

Kisha akaniinulia macho ambayo sijawahi kuyaona tangu tuoane.

"Limefunga mlango nyuma yake?"

"Limefunga."

"Vizuri," akasema, na kucha zake zikanishika mkono uleule uliogonga hodi. "Basi halitoki."