Mkole Uliofunga

Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Ngiri, mnyama mwenye haraka, akawa anachimbua na kula mizizi ya kila mti uliopukutisha majani. Aliuacha mtango pori mmoja tu, kwa kuwa ulibaki kijani. Mwishowe akafika kwenye mti wa mkole usio na jani hata moja, alipolala Digidigi na mwanawe anayenyonya.

"Sogea, shemeji. Mti wako umekufa."

"Haujafa, umefunga," Digidigi akajibu. "Majani yanakunywa maji mengi. Umeyaangusha ili mizizi iishi."

"Basi mwezi ukiandama uniite."

"Cheka tu. Mimi nami nimeacha kukimbiakimbia ili maziwa yasikatike. Utanizika?"

Ngiri akamtazama mtoto, akaguna. "Haya, baki na maiti yako."

Akarudi kwenye mtango wake. Mtango haukukubali kuacha hata jani moja, na jua likaukausha mpaka mzizini. Mvua iliponyesha haukuamka. Mkole ulichipua kuanzia chini, Digidigi akala, na mtoto akanyonya akashiba.

Ngiri akaja, mbavu zikihesabika. "Shemeji, nimekuja kuiona maiti."

"Kula machipukizi," akasema Digidigi. "Mizizi usiiguse."

Ngiri akapiga magoti, akaanza kula polepole.

"Mama, anaomba radhi?" mtoto akanong'ona.

"Hapana, ngiri ndivyo wanavyokula," Digidigi akasema. "Lakini leo tuseme anaomba."