Udongo wa Kwenye Buti

Kibarua mmoja alikuwa akikwangua ardhi iliyotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Kila jioni aliacha buti zake nje, sumu isiingie ndani. Kila asubuhi alizikuta safi, akajisemea, "Kweli nimeoa."

Jioni hii alitoka kufuata simu aliyoisahau kibarazani. Akamkuta mkewe mjamzito amepakata buti moja, kijiko mkononi, midomo imetapakaa tope.

"Usinicheke, baba watoto," alisema kwa haya. "Mimba imenipa hamu ya udongo. Wa bustanini hauna ladha. Huu wako una utamu."

Akampokonya kijiko. "Umeanza lini?"

Mkewe akalipapasa tumbo, akitabasamu.

"Tangu huyu aanze kucheza."