Jina la Mnunuzi

Mwalimu alikuwa na daftari la ushiriki: ukijibu unapata alama, ukinyamaza unapata sifuri.

“Milembe! Mtaje mnunuzi binafsi wa kwanza wa pamba hapa Kasoli.”

Milembe alisimama, kucha zikichimba dawati. Jina alilijua; liliandikwa ubavuni mwa lori lake la pamba. Lakini juzi mtu huyo alimlipia mwanawe mahari, ng'ombe kumi na wawili wakaingia zizini kwa akina Milembe. Tangu hapo ni mwiko kumtaja baba mkwe. Ukimtaja, ng'ombe wanarudi.

Dawati la mbele, wifi yake aligeuka, akamkazia macho.

“Basi, sifuri,” mwalimu alisema.

Milembe akalitaja, majina yote matatu, kwa sauti.

“Vizuri sana!” Mwalimu akaweka vema.

Wifi tayari alikuwa ameruka dirisha, anakimbilia kwao.