Mkate kwa Kadi

Kila Bi Zamzam alipolipa kwa kadi aliyopewa na bintiye Nasriya, ujumbe uliingia kwenye simu ya Nasriya huko ng'ambo, ukitaja jina la duka. Bi Zamzam alilijua hilo. Basi asubuhi alinunua mkate kwa kadi, mwanawe ajue kuwa mama kaamka salama. Hata kiberiti alikilipia kwa kadi, wenye duka wakimcheka.

Duka la dawa tu ndiko alikolipa kwa noti. Alizifungua kutoka pindo la kanga, Nasriya asije akaingiwa na wasiwasi bure.

Leo muuzaji dawa, Ghalib, alimwekea vidonge vyake vya presha mezani, akanyoosha mkono apokee noti kama kawaida.

"Nasriya hajambo, mama?"

"Hajambo, nadhani. Hajapiga simu tangu Idi."

Bi Zamzam akalifungua pindo la kanga. Akazitazama noti. Mkate ulikuwa ukifika kwa Nasriya kila siku, lakini nani apige simu kwa ajili ya mkate? Akalifunga tena, akatoa kadi.

"Leo kwa kadi?" Ghalib alishangaa.

"Leo kwa kadi, baba."

Mashine ikalia, ikatoa risiti. Bi Zamzam hakuondoka. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, akailaza mapajani na kuifunika kwa ncha ya kanga, kama mtu afunikavyo chakula cha aliyechelewa kurudi.