Neno Lenyewe

“Nimekuachisha kazi kuanzia leo,” Sindano alimwambia bosi wake, na chumba kizima kikampigia makofi.

Bosi naye alipiga, taratibu, akiwa amekaa kwenye kile kiti walichokibatiza kiti cha mshtakiwa. Lilikuwa zoezi tu. Kila Jumamosi asubuhi kikundi chao cha kusoma kilikutana chumba cha nyuma cha saluni, kati ya masinki ya kuoshea nywele na katoni za shampuu, kujadili sura moja ya kitabu cha biashara ambacho jalada lake lilishang’oka zamani. Sura ya leo ilieleza namna ya kumwachisha mtu kazi bila kumvunjia heshima.

“Jamani, huyu si yule aliyekuja hapa akiongea na magoti yake,” alisema mwenye saluni, ambaye ndiye aliyeongoza kikundi. Watu wakacheka. Sindano akacheka nao, ingawa moyo ulikuwa mzito.

Ilikuwa kweli. Bosi alipomleta mara ya kwanza, alikuwa fundi wa cherehani aliyejificha nyuma ya wenzake mteja akiingia. Kitabu kile, na watu wale, walimfundisha kugawa kazi, kukataa bila kugombana, kusema jambo akaeleweka. Sasa alisimamia meza ya kumalizia nguo katika karakana ya sare za shule, na ndiye aliyefungua geti alfajiri kwa funguo alizozivaa shingoni. Wenye wivu walisema anaoga nazo. Hawakukosea sana.

Kilichomnyima usingizi ni wifi yake.

Mwanzoni mwa mwezi mashine mpya ilikuwa imefika, inashona vifungo na kukata nyuzi yenyewe, wala haihitaji kusimamiwa. Jioni ile bosi alimwita pembeni. Alikuwa akikwangua rangi ya mlango kwa ukucha, haangalii mtu.

“Pale mezani mmekuwa wengi, dada,” alisema. “Mtu mmoja itabidi apumzike. Najua wewe utanielewa.”

“Nimekuelewa, bosi.”

Angeachaje kuelewa? Mzito kuliko wote pale mezani alikuwa wifi yake. Kwake shati moja lilikuwa kazi ya kutwa. Lakini huyo huyo ndiye aliyemlelea watoto Sindano alipofiwa na mume, na hakuwahi kumsimanga hata siku moja. Utamwambiaje mtu kama huyo? Tangu jioni ile Sindano alikula bila kusikia ladha. Kila alipomsogelea wifi ili aseme, alijikuta anamsifia kilemba.

Bosi, kwa uungwana wake, hakumharakisha. Asubuhi moja alimkuta keshafungua na kufagia, akasimama getini kama mgeni.

“Dada, si ungepumzika tu nyumbani?”

“Nitapumzika nikifa, bosi,” Sindano alijibu huku akicheka, na bosi akaangalia viatu vyake.

Ndiyo maana leo alijitolea kuanza zoezi. Alimweka bosi mahali pa wifi na kumwambia yote aliyoshindwa kuyasema mezani. Yalitoka. Jumatatu, alijiapiza, yatatoka tena.

“Mmesikia alivyofanya?” mwenye saluni aliuliza, kidole kikiwa katikati ya kitabu. “Neno lenyewe kalisema kwenye sentensi ya kwanza. Sio nyinyi na lugha zenu za ‘pumzika kidogo’. Mtu ukimwambia apumzike atakwenda kulala, kesho anarudi na nguvu mpya.”

Chumba kikaangua kicheko. Seremala, aliyekalia katoni karibu na mlango, alijipiga paja. “Mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema. “Bora useme.”

Bosi peke yake hakucheka. Alisema anaomba zamu yake, kwa sababu akichelewa ataghairi. Wakabadilishana viti, Sindano akakaa kwenye kiti cha mshtakiwa na kujikunyata ili apendeze machoni pa watazamaji.

Bosi alikohoa. Alitazama dari, akatazama kitabu mkononi mwa mwenye saluni, mwisho akamtazama yeye.

“Dada, nimekuachisha kazi. Kuanzia leo.”

“Safi,” alinong’ona mwenye saluni. “Endelea.”

“Hujakosea kitu. Ulipaswa kuambiwa mapema, na kwa maneno haya haya. Kosa ni langu.”

Sindano aliona ampe bosi zoezi la haki, asije akasema amerahisishiwa. Akamfikiria wifi yake, na machozi yakaja yenyewe bila kuitwa. Akafunika uso kwa viganja. “Mimi na watoto wangu tuende wapi, bosi?” alilia, sauti ikimkatika mahali ambapo ingemkatika wifi. “Karakana hii ndiyo nyumbani kwangu.”

“Nitakuandikia barua nzuri ya kukusifu, popote utakapoomba kazi. Lakini sibadilishi neno.”

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Seremala alisimama kabisa, akasema wawili hawa wanapoteza muda kwenye sare, waende wakaigize. Mwenye saluni alifunga kitabu na kutangaza kwamba sura hiyo imewaingia, Jumamosi ijayo wasome inayofuata.

Sindano aliinuka akicheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akampa bosi mkono wa pongezi. Bosi hakuushika. Alikuwa amenyoosha wake, kiganja kikiangalia juu.

“Funguo, dada,” alisema.