Mstari Usio na Bei

Mstari wa hamsini na tatu ulikataa tena.

Mistari mingine yote, mia moja na kumi na miwili, ilikuwa imeshaingia kwenye programu mpya ya ankara: jina la mteja, mahali anapotoka, kazi, bei. Huo mmoja tu ndio uliobaki mwekundu, na chini yake maneno mawili: bei haipo.

"Mama Rachida, bado tu?" aliuliza patrão Manuel, mwenye karakana, kutoka uani, mikono imejaa saruji.

"Bado, patrão. Huu umetoka kwenye orodha ya karakana yetu ya Montepuez."

"Kompyuta hii ina kiburi kumshinda mama mkwe wangu. Kazi iishe leo. Kesho hupo, wewe."

Zubaida, mama yake Rachida, alirudisha macho kwenye kioo. Hiyo kesho ilikuwa imemkosesha raha wiki nzima. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, wakwe zake walikuwa wanamsomea hitima Latifo, mume wake.

Wifi yake Fatima alipita ofisini asubuhi, mfuko wa mchele wa hitima kichwani.

"Miezi minane, wifi," alisema, hata hakukaa. "Mtu mzima hapotei kama kuku. Kesho tumsomee kaka yangu, nawe ukae eda kama wanawake wengine. Usije ukatuaibisha tena mbele ya watu kwa kusema anarudi."

"Nani aliyemwona amekufa?"

"Na nani aliyemwona mzima? Niletee mtu mmoja. Mmoja tu! Mchele huu nitaurudisha dukani."

Zubaida hakuwa na mtu wa kumleta. Siku kijiji chao cha Mbau kiliposhambuliwa, Latifo alikuwa Macaloe, amekwenda kununua samaki wa kuuza. Yeye, bila Latifo kujua, alikuwa ameitwa ghafla Diaca na mtoto kumuuguza mama yake. Nyumba yao ilichomwa moto, na majirani waliokuwa wamekimbilia ndani hawakutoka, wala miili yao haikutambulika. Simu ziliteketea, namba zikapotea, ndugu wakatawanyika. Yeye na Fatima wenyewe walikutana hapa Mocímboa miezi miwili tu iliyopita.

Alirudi kwenye mstari mwekundu. Mpaka hapo alikuwa akibonyeza tu, hajausoma. Safari hii aliufungua wote.

*Mteja: Latifo Abacar, wa Mbau. Kazi: laje mbili, moja kubwa, moja ndogo. Ni za mama Rachida na mtoto.*

Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita.

Alisoma mara ya pili, kidole kikiwa juu ya kioo. Tangu waoane Latifo hakuwahi kulitaja jina lake mbele za watu. Wanaume wa kwao hawafanyi hivyo. Dukani, kwa fundi, hospitalini, siku zote alisema mama Rachida.

Akasogeza kiti, akakaa vizuri.

Laje alizijua. Uani patrão alikuwa anazimwaga kila siku, mabamba ya zege: kubwa la kuwekwa bafuni, dogo la kufunikia choo. Kwa hiyo Latifo amepata kiwanja huko Montepuez. Ameanza na bafu na choo kabla ya nyumba, kwa kuwa anajua mkewe haogi penye macho ya watu. Anawaandalia mahali, halafu atawatafuta. Ndiyo maana amekawia.

Akachukua simu, akampigia Fatima.

"Wifi, rudisha mchele."

"Umeanza tena?"

"Yuko Montepuez. Nimeliona jina lake hapa, na kazi aliyoagiza."

Upande wa pili Fatima akaanza kulia kwa sauti, akiwaita watu wa nyumbani.

Zubaida akakata, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akapiga Montepuez. Alipokea Inês, karani wa karakana ya huko. Hawajawahi kuonana, walijuana kwa simu za kazi tu, wakiitana mana, yaani dada.

"Mana Zubaida! Kompyuta imewashinda?"

"Mstari mmoja tu. Latifo Abacar. Unamfahamu? Ni mzima?"

"Mzima, ila haongei sana. Juzi alikuja kuzichukua, akazibeba kwa mkokoteni mwenyewe. Alikataa kusaidiwa."

"Nitakuomba namba yake. Lakini kwanza nipe bei ya laje zake. Programu haipokei bila bei."

Inês alishusha pumzi.

"Andika sifuri, mana. Mestre Hermínio, fundi wetu mkuu, alikataa hela yake. Nani angemtoza mtu anayewajengea makaburi mkewe na mwanawe?"